Mzee Shaame na Spana Alizozigawa

Mmenitaka niandike, nyinyi mliobaki katika kitengo cha afya ya akili, na mkaniambia niandike mafanikio. Nimekaa na kalamu siku mbili, mafanikio hayakuja. Zilikuja nyuso za wazee. Basi nitaandika hizo. Mkitaka mafanikio, ripoti zangu zimo kabatini, droo ya chini, ile inayokwama. Ivuteni huku mkiiinua kidogo.

Kazi hii sikuiomba. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi na nikiipenda, kwa sababu pale mtu akilia unajua analilia nini. Siku moja ikaja barua ya uhamisho. Mama yangu aliponiuliza nahamishiwa wapi nikamwambia, akasema, "Kwa wendawazimu? Nani atakuoa sasa?" Nilikuwa nimeshaolewa na nina watoto wawili. Hofu haina kumbukumbu.

Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi wa spitali, Chake Chake, na mtu mmoja: Mzee Kombo, muuguzi mwembamba mwenye kofia iliyofuliwa mpaka nakshi zikafutika. Nilimkuta anasukuma meza ukutani. Nikadhani anafagia. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kila asubuhi, maana kila jioni mfagiaji aliirudisha katikati.

"Meza ni ya kulia wali," aliniambia. "Ukimweka mtu mzima upande wa pili wa meza, atakujibu kama yuko polisi."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mkulima mtu mzima, kaletwa na binti yake kwa kuwa halali usiku. Nilikuwa na fomu yangu. Nikamwuliza: Una huzuni? Alhamdulillahi. Una wasiwasi? Alhamdulillahi. Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Namshukuru Mungu, mwanangu. Nikajaza hapana, hapana, hapana, fomu ikapendeza. Mzee Kombo akavuta kiti karibu.

"Mzee mwenzangu, leo umeamka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Ukafanya nini mpaka alfajiri?"

"Nikaangalia dari."

"Ulipokwisha kusali?"

"Nikarudi kuangalia dari."

"Na jana?"

Yule mzee akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Dari," akasema, na machozi yakamtoka.

Walipoondoka Mzee Kombo aliniambia neno ambalo nimelitumia mpaka siku ya kustaafu. "Ukimwuliza Mpemba wa umri ule kama ana huzuni, atakwambia Alhamdulillahi, wala hakudanganyi, anamshukuru Mola wake kweli. Mwulize siku yake imepitaje. Siku haina haya."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mashine ya presha, kurunzi, daftari, na bomba la sindano kubwa lisilo na sindano. Nilimwuliza lile bomba la nini, akanijibu nitaliona likifanya kazi. Nililiona Mtambile.

Tuliitwa huko na mwenye duka mmoja kumwangalia mama yake, Bi Mize. Alisema mama kachanganyikiwa. Ukimwuliza kama kala, anakujibu mvua haijanyesha. Wageni wakija anaondoka. Kutwa anazungumza peke yake. Nilikaa naye, nikamwuliza siku yake imepitaje kama nilivyofundishwa, akanijibu kuwa muhogo wa mwaka huu mchungu. Nikaandika daftarini: kupotewa na kumbukumbu. Nikatoka uani kuanza kumweleza mwanawe kwamba haya ni maradhi ya uzee na hayana kurudi nyuma. Nilikuwa najisikia daktari.

Mzee Kombo alikuwa kasimama nyuma ya Bi Mize, ambaye alikuwa anachambua mchele. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Bi Mize, nyumba inaungua."

Bi Mize aliendelea kuchambua mchele.

Akawasha kurunzi, akamwangalia masikioni, akaniita na mimi niangalie. Sikuona tundu. Niliona nta imejaa, nyeusi na kavu kama gundi ya mti. Tukamwachia mkwewe, mke wa mwenye duka, mafuta ya vuguvugu ya kumtia siku tano, matone machache asubuhi na jioni, tukarudi na lile bomba na maji ya uvuguvugu. Yaliyotoka sitayaeleza. Bi Mize alikaa wima. Akageuza kichwa huku na huku. Kisha akasema, "Kuku hawa wanapiga kelele hivi tangu lini?"

Tulicheka sote. Mkwewe akamwuliza kama anataka chai, na Bi Mize akamtazama sana. "Ndiyo sauti yako hiyo?" akasema. "Mie nikidhani unanigombeza."

Halafu akauliza mbona dada yake siku hizi haji.

Mwenye duka aliinamisha kichwa. Dada yake alikuwa kafariki mwaka wa pili ule. Walimwambia, tena walimwambia wote wamekaa mbele yake, naye alitikisa kichwa, wakaona kaipokea kwa subira. Basi siku ile ile aliyorudishiwa masikio yake ndiyo siku aliyofiwa. Alilia mpaka majirani wakaja mbio. Watu wakakusanyika tena, ikasomwa hitima nyingine, na Bi Mize akapewa mkono wa pole, miaka miwili nyuma ya wenzake.

Alipona? Alipona, na akawa msemaji. Mwanawe alitutania kwamba tumrudishie ile nta. Mimi nilichukua funzo langu, na nyinyi nawapa: kabla ya kuutafuta moyo wa mzee, tafuteni masikio yake, macho yake, meno yake na damu yake. Mimi nilikuwa karibu kumzika mtu kwa kalamu, na ugonjwa wake ulitoka kwa maji ya uvuguvugu.

Mzee Kombo alistaafu. Tukamfanyia sherehe, biriani na soda, akapewa saa ya ukutani. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi alikuwa keshafika, anasukuma meza ukutani. Alisema kaja kuchukua miwani. Kesho yake tena. Alikuja wiki tatu, kila siku na sababu yake, na sisi tukimcheka nyuma ya mlango. Wiki ya nne hakuja. Nilipokwenda kwake nilimkuta kakonda, kanyoosha miguu kitandani saa nne ya asubuhi. Nikamwambia, "Mzee Kombo, wewe mwenyewe?" Akasema, "Mie nani? Presha ikimpata daktari humwogopa?"

Nilimhudumia kama alivyonifundisha kuhudumia wengine, na alikuwa mgonjwa mbishi kuliko wote. Alinisahihisha kila swali. Alikuja kupata nafuu, akanunua ng'ombe wawili na mpaka sasa anawasema vibaya kila tukutanapo. Tangu hapo nikaanza kuandika daftarini, mbele ya jina la kila mtu mzima aliyeingia, kazi aliyokuwa akifanya na tangu lini kaiacha. Hakuna aliyeniagiza. Fomu haina nafasi hiyo, niliandika pembeni.

Sasa Mzee Shaame.

Alikuwa dereva wa greda. Barabara za udongo za kaskazini, za Wingwi na mbele yake, zote kazipita na lile jembe la chuma, masika baada ya masika. Watu wazima wa huko wakiona gari imekwama bado husema, "Enzi za Shaame hapa palikuwa meza." Alipostaafu kila mtu alifurahi kwa niaba yake: sasa apumzike. Akapumzika. Mwezi wa kwanza alikuwa barazani na wenzake. Kisha akaacha baraza. Kisha akaacha kwenda msikitini, akawa anasali nyumbani, akasema miguu.

Mkewe, Bi Raya, alikuja kliniki peke yake. Alisema kaja kwa ajili ya magoti. Nikayaangalia magoti, yalikuwa magoti ya mwanamke aliyechuma karafuu maisha yake yote. Nilipokuwa naandika dawa ya maumivu akasema, "Mume wangu kaniomba radhi mara tatu wiki hii."

"Mashaallah," nikamwambia. "Umepata mume."

"Ndivyo watu wanavyosema." Akangoja. "Kawaomba na majirani. Kila alichoazima kakirudisha." Akangoja tena. "Na spana zake kazigawa."

"Mzee kastaafu, Bi Raya. Spana atazifanyia nini?"

Akachukua dawa, akaenda zake. Naandika haya kwa sababu mmezoea kunisikia nikisifiwa. Yule mama alinipa dalili tatu mkononi na mimi nikampa vidonge vya magoti.

Jioni ile mume wangu aliikosa bisibisi yake. Aliigeuza nyumba nzima. Ni mwalimu wa skuli, hiyo bisibisi huitumia labda mara mbili kwa mwaka, lakini aligomba na mimi, akagomba na watoto, akagomba na kabati. Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaiweka chini. Mtu hagawi chombo chake cha kazi. Hata akiacha kazi, anakiweka, anakipaka grisi, anamgombeza anayekigusa. Anayekigawa haoni kesho ya kukitumia.

Asubuhi pikipiki ya kitengo haikuwa na mafuta, kama desturi yake. Nikapanda gari ya abiria hadi njia panda, nikaenda kwa miguu kilichobaki.

Nilimkuta Mzee Shaame kakaa mkekani ubavuni mwa nyumba. Kanyoa kichwa, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne, si Ijumaa. Shikamoo, marahaba, habari za watoto. Bi Raya akatuletea chai, akakaa hatua chache tu kutoka tulipo, anakuna nazi, kama inavyostahiki.

"Siku zinakwendaje, Mzee wangu?"

"Mie sina siku," akasema. "Nina asubuhi na jioni." Alisema bila ya uchungu, kama mtu anayekuelekeza njia. "Zamani nilikuwa na Jumatatu. Jumatatu unajua uko wapi, umekata mpaka mti gani. Sasa nikiamka namzuia Raya kufagia. Nikiondoka hapa nawazuia watu pale. Mzigo, mwanangu. Mzigo ukishakuwa hauna mwenyewe, unatua."

Kuna swali ambalo wengi wenu mnaliogopa. Mnaona ni aibu kumwuliza Muislamu mwenye ndevu nyeupe, na mnadhani ukilitaja utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Mzee Kombo alinifundisha kwamba wazo hilo halingoji muuguzi. Likiwapo, lipo, na mwenye nalo kachoka kulibeba peke yake. Kwa hivyo nilimwuliza wazi, bila ya kupunguza sauti, maana ukinong'ona umeshamwambia kuwa ni aibu.

"Mzee Shaame, umefikiria kujitoa roho?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Astaghfirullah," akasema. "Mie ni Muislamu."

"Najua. Sikukuuliza dini yako."

Nikangoja. Kungoja ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii na hakuna anayekulipia. Alizungusha kikombe chake mara kadhaa. Kisha akasema, akikitazama kikombe, "Nilishaichagua siku. Ikawa ni arubaini ya mtoto mchanga wa jirani. Watu wana furaha yao, wamealika. Nikaona si uungwana. Nikaiahirisha."

"Mpaka lini?"

"Keshokutwa."

Bi Raya aliinuka, akaja, akakaa mkekani karibu na mumewe, na mikono yake imejaa nazi. Sijapata kumwona mwanamke wa umri wake akikaa vile na mumewe mbele ya mgeni.

Haya ndiyo tuliyoyafanya, na hayakuwa na ufundi mkubwa. Siku ile ile Bi Raya alitoa nyumbani dawa za shambani na kila kilichoweza kumdhuru, akavipeleka kwa shemeji yake. Nilitaka kumlaza Mzee Shaame spitali. Akakataa, akasema akionekana kalazwa wodi ya wendawazimu wajukuu zake wataposwa na nani. Tukakubaliana hatakaa peke yake hata dakika moja: Bi Raya mchana, mdogo wake Mzee Shaame jioni na usiku. Nikawa nakwenda kila siku wiki ile. Damu yake ilipimwa, sukari ikapimwa, masikio niliyatazama kabla ya yote. Daktari wa spitali akamwandikia vidonge vya sonona. Nilimwambia kweli kwamba vitachukua wiki kadhaa kabla hajaona kitu. "Kama greda," akasema. "Asubuhi haliwaki mara moja." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza lenye chumvi.

Nilimwomba ruhusa nimwite Shehe Mbarouk, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani. Aliruhusu, na mimi nikawa na hofu, maana nimeona masheha wa vijiji na mashehe wakimwangushia mgonjwa hotuba juu ya mgongo uliokwisha vunjika. Shehe Mbarouk alivua viatu, akakaa, akamshika Mzee Shaame goti. "Mbona hukuniita?" akasema. Basi. Kisha akawa anakuja kila alasiri, wanasali pale mkekani wawili, na sala ya jamaa, hata ya watu wawili, ni jamaa.

Wiki mbili hakubadilika. Nawaambia ili msikate tamaa siku ya kumi na tatu. Wiki ya tatu mvua za masika zikaanza, maji yakawa yanashuka moja kwa moja kwenye skuli ya kijiji. Watu wakatoka na majembe kuchimba mtaro, mbele ya nyumba yake. Siku ya pili Bi Raya akanipigia simu, anahema.

"Bi Zuwena! Kagombana na watu!"

"Nani?"

"Shaame! Kasimama barabarani, kawaambia ni wajinga, maji hayapandi kilima! Kamnyang'anya mtu jembe!"

Sijawahi kufurahia ugomvi wa watu kama ule. Alisimama mvuani mpaka adhuhuri akiwaelekeza pa kukata, akiwatukana kidogo kwa adabu ya mafundi, na mtaro ukatoka pale alipotaka yeye.

Najua mtakavyoandika. Mtaandika kwamba kazi za kujitolea huponya wastaafu. Msiandike hivyo. Kesho yake Mzee Shaame alirudi kulala mkekani, na keshokutwa yake pia. Akatoka tena, akarudi tena. Vidonge vilikuwa vimeanza, na mkewe alikuwa hajamwacha peke yake siku hata moja, na Shehe alikuwa anakuja, na mvua ilinyesha. Kipi kilichomwinua? Sijui. Nilichokiona ni kwamba siku za kutoka zilikuja kuzidi siku za kulala. Siku moja akazunguka kijijini kudai spana zake. Mtu mmoja alikuwa kaipoteza namba kumi na saba, na wakanuniana mpaka Ramadhani.

Mwaka uliofuata, baada ya Iddi, watoto wake waliokuja kula sikukuu waliporudi Unguja na Dar es Salaam, simu yangu ililia asubuhi.

"Bi Zuwena. Imerudi."

"Nini, Mzee wangu?"

"Ile."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Sikungoja."

Vidonge alikuwa kaviacha, kaona kapona. Wote huona hivyo. Tukaanza upya. Lakini mkiniuliza siku gani niliona kazi yangu imefanya kazi, si siku ya mtaro. Ni siku ile ya simu. Mtu aliyepanga kuondoka kimya kimya asisumbue arubaini ya jirani, sasa alinisumbua mimi kabla sijanywa chai.

Nimalizie na mwaka wangu wa mwisho kazini, na hapa tena sina la kujisifia. Katika kijiji kinachopakana na cha Mzee Shaame alikuwako Bwana Makame, aliyekuwa bwana misitu. Alikuja kliniki siku ya foleni ndefu kupima presha. Ilikuwa sawa. Akiwa mlangoni akaniuliza, "Na usingizi, je?" Nikamwambia apunguze chai ya jioni. Nikaita, "Anayefuata!" Daftarini nilikuwa nimeandika pembeni: bwana misitu, kastaafu mwaka huu. Nililiandika kwa mkono wangu, na sikumwambia akae.

Miezi miwili baadaye alikufa kwa mkono wake. Familia ikasema ugonjwa wa ghafla, na sikuwa na haki ya kusema vyengine.

Nilikwenda msibani siku ya tatu. Wanawake tulikuwa ndani, wanaume barazani, baina yetu dirisha. Hitima ilikwisha, watu wanakunywa kahawa. Mmoja akasema vile tunavyosema siku zote, "Kazi ya Mungu. Mtu mzima, hana maradhi yoyote."

"Alikuwa nayo," sauti ikasema. Niliijua.

Wanawake walionizunguka wakageukia dirisha.

"Mie nilikuwa nayo," akaendelea Mzee Shaame. "Ninayo. Nilistaafu, nikaona sina kazi duniani, na nilitaka kuondoka. Wengi wenu nilikuja kukuombeni radhi, mkasema Shaame kawa mcha Mungu. Haikuwa ucha Mungu. Yalikuwa maradhi. Nikapewa dawa, nikapata nafuu, yakarudi, nikaita watu. Makame sijui kilichomfika, na yamkini hakuna anayejua. Najua alikuwa halali, kwa sababu aliniambia njiani, nikamjibu na mie silali, tukacheka, tukaachana."

Mtu akasema, "Shaame, maneno gani haya msibani?"

"Niyaseme wapi? Tukishamaliza kuzikana?"

Nikasikia vikombe vinakusanywa. Mjane wa Bwana Makame, aliyekuwa kaegemea ukuta karibu na dirisha, alikuwa kashika upindo wa kanga yangu na hakuuachia mpaka nilipoondoka.

Alhamisi iliyofuata nilifika kazini nikawakuta wanaume watatu kwenye benchi letu. Wote ndevu nyeupe, wote nawajua kwa sura tangu msibani. Walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mmoja kaangalia upande wake, kama watu waliokutana bandarini kwa bahati mbaya.

Wa kwanza aliingia, akakaa, akakunja mkono wa kanzu kabla sijamwambia. "Mie sina kitu," akasema. "Nimekuja kupima presha tu."

Nikampima. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na nikamwambia hivyo.

Akaukunjua mkono wa kanzu taratibu, akaunyoosha. Hakuinuka. Aliangalia ukumbini, kule walikokaa wenzake wawili.

"Mlango huu," akasema, "unafungika?"

Nikainuka, nikaufunga.